Siku Moja Maishani Mwangu: Mkutubi wa Makala za Utafiti, Kisumu

Watu wengi wakisikia mkutubi, picha inayowajia ni mama aliyeketi kaunta na muhuri, akiwanyamazisha wanafunzi. Muhuri upo kweli. Lakini sehemu kubwa ya kazi imehama rafuni na kuingia kwenye hifadhidata za majarida, yaani mikusanyo ya mtandaoni ya makala za utafiti, ambazo chuo hulipia kila mwaka na wanafunzi wengine huhitimu bila kuzifungua.

Saa 1:30 asubuhi. Kabla ya mlango kufunguliwa, nakagua kama hifadhidata zetu, EBSCOhost, JSTOR, Emerald na Taylor & Francis zinafunguka. Kila moja naijaribu mara mbili: kwa kompyuta iliyo kwenye mtandao wa chuo, kisha kwa simu yenye bando langu, nikiingia kupitia ukurasa wa maktaba. Mchapishaji hamjui mwanafunzi kwa sura, anaitambua anwani ya mtandao wa chuo. Mafundi wakibadilisha mitambo na anwani ikageuka, hata tarakimu moja tu, mlango hufungwa bila taarifa na skrini huanza kudai dola. Ada hizi vyuo vya Kenya hujadiliana na kuchanga pamoja kupitia KLISC, muungano wa maktaba ulioanzishwa 2003, kwa sababu bei hizo zingekishinda chuo kimoja.

Saa 2 hadi saa 4. Vitabu vya kurudishwa, vitambulisho vilivyosahaulika, printa iliyokwama.

Saa 4:20. Anakuja kijana wa mwaka wa nne, somo la mazingira, macho mekundu. "Madam, nimetafuta siku tatu. Hakuna kitu kuhusu topiki yangu." Topiki yenyewe ni gugumaji na uvuvi katika Ghuba ya Winam, hapa Ziwa Victoria. Hakuna kitu? Ziwa hili limeandikiwa makala tangu gugu lilipoonekana humo mwishoni mwa miaka ya 1980!

Naangalia kisanduku cha kutafutia. Ameandika mada nzima ya tasnifu, maneno 17, na chini yake matokeo 0. Kosa hili nakutana nalo kila siku, na si uvivu. Hakuna aliyemwambia kwamba hifadhidata haisomi swali, inalinganisha maneno. Kila neno unaloongeza ni sharti jipya, na makala inayokosa neno moja tu inaachwa nje.

Kwa hiyo tunazima skrini na kuchukua karatasi. Safu tatu: mmea, mahali, uvuvi. Majarida haya mengi ni ya Kiingereza, basi maneno yawe ya Kiingereza. Kwenye mmea tunaandika "water hyacinth", kisha jina la kisayansi Eichhornia crassipes, kisha Pontederia crassipes, maana mwaka 2018 wataalamu wa mimea waliuhamishia jenasi nyingine. Ukitumia jina la zamani peke yake, makala mpya zinakupita. Ukitumia jipya peke yake, unapoteza karibu utafiti wote wa miaka ya 1990.

Mahali ndipo penye utamu. Ghuba hii hii inayoonekana kutoka ufuo wa Dunga imeandikwa "Winam Gulf", "Nyanza Gulf" na, katika maandishi ya zamani, "Kavirondo Gulf". Yote matatu yanaingia. Tunaongeza "Lake Victoria", lazima ndani ya alama za mtajo. Bila alama hizo mashine hutafuta neno moja moja, na utaletewa maziwa ya jimbo la Victoria, Australia.

Safu ya uvuvi inatosha kwa fish* yenye kinyota, inayokusanya fishing, fishery, fisheries na fishermen kwa mpigo. Inamleta pia kila mwandishi anayeitwa Fisher, kwa hiyo tunaiagiza itafute kwenye kichwa na ikisiri, ule muhtasari wa makala, peke yake.

Sasa tunarudi kwenye skrini, ukurasa wa utafutaji wa kina. Safu moja ya karatasi, mstari mmoja wa skrini. Ndani ya mstari maneno yanaunganishwa kwa OR, yaani lolote likipatikana linatosha, kati ya mstari na mstari ni AND, yaani kila mstari lazima upatikane. Ukivichanganya vyote kwenye mstari mmoja, hifadhidata nyingi hutekeleza AND kwanza na maana yako inavurugika.

Mkono wake unakimbilia kuweka tiki kwenye matini kamili, ili zije tu makala zinazosomeka nzima hapo hapo. Namzuia. Tiki hiyo huficha makala ambazo huenda tunazipata kwa njia nyingine. Miaka nayo tunaichuja mwisho, baada ya kuona kilichopo.

Makala aliyoitamani zaidi aliikuta kwenye Google Scholar ikidai dola, na tayari alikuwa ameomba nyumbani atumiwe pesa. Hilo liliniuma. Kwenye EBSCOhost ilikuwa na ikisiri tu, kwa kuwa baadhi ya wachapishaji huzuia matoleo ya mwaka mmoja wa karibuni. JSTOR isingesaidia, majarida yake mengi huchelewa miaka 3 hadi 5. Tukanakili DOI, namba ya utambulisho wa makala inayoanza na 10, tukaiweka kwenye Unpaywall, huduma inayotafuta nakala za bure zilizo halali, na nakala ya mwandishi ikatokea kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo chake. Shilingi sifuri. Isingetokea huko, hatua iliyobaki ni barua pepe kwa mwandishi mwenyewe, na wengi hutuma.

Ilipofika saa 6 alikuwa na makala 23 za kusomewa ikisiri. Nilikuwa sijanywa chai.

Alasiri. Mvua ya kutoka ziwani, stima ikapotea, ruta ikachukua muda kuamka. Halafu hifadhidata moja ikakataa chuo kizima. Mtu alikuwa ametumia programu kupakua jarida zima, toleo baada ya toleo, na mitambo ya mchapishaji ikadhani ni wizi. Mmoja akifanya hivyo, wote wanafungiwa. Nikaandika barua ya maelezo yenye saa na anwani ya kompyuta iliyohusika, nikabandika tangazo mlangoni, nikawaeleza wahadhiri watatu, mmoja baada ya mwingine, kwamba si intaneti.

Giza lilikuwa limeingia ujumbe ulipofika kutoka kwa mwanafunzi wa uuguzi aliye Busia kwenye mafunzo ya hospitalini: HINARI inamkataa. Mpango huu wa Shirika la Afya Duniani, unaofungulia taasisi majarida ya afya, huingiwa kwa nywila ya taasisi, na yeye alikuwa akiweka yake ya barua pepe. Nikamwelekeza aanzie ukurasa wa maktaba. Miguu imevimba, basi la mwisho la wafanyakazi limeondoka. Nikasubiri hadi akatuma picha ya skrini: faili ya PDF, kurasa 11, imefunguka.