Nilivyokadiria pengo la kipato kutokana na jedwali la makundi

Nilichokuwa nacho ni jedwali tu la utafiti wa kaya: makundi ya kipato, idadi ya watu katika kila kundi na wastani wa kipato chao, isipokuwa kundi la juu kabisa, ambalo halikuwa na kikomo wala wastani. Nilitaka kupata kigezo cha Gini, ambacho huwa 0 watu wote wanapopata sawa, na hukaribia 1 kipato chote kinapoishia mikononi mwa mtu mmoja.

Mwanzo ulikuwa mwepesi. Niliyapanga makundi kuanzia la chini, nikajumlisha hatua kwa hatua sehemu ya watu na sehemu ya kipato, nikapata nukta za mkunjo ambao mwanauchumi Max Lorenz aliueleza mwaka 1905. Kisha, kwa kila kundi, nilijumlisha sehemu ya kipato iliyofikiwa kabla yake na ile iliyofikiwa pamoja nalo, nikazidisha kwa sehemu ya watu wa kundi hilo, na jumla ya yote nikaitoa katika 1. Kwa njia hii, makundi matano yenye watu sawa, yanayopata asilimia 5, 10, 15, 25 na 45 ya kipato chote, hutoa Gini ya 0.38.

Hesabu hiyo, hata hivyo, huchukulia kwamba watu wa kundi moja wote wanapata sawa, kwa hiyo jibu lake ni kiwango cha chini tu. Mwanatakwimu Joseph Gastwirth alionyesha mwaka 1972 jinsi ya kupata kiwango cha juu: watu wa kila kundi husukumwa kwenye mipaka yake miwili, wengine chini kabisa na wengine juu kabisa, bila kubadili wastani wa kundi. Naithamini sana njia hii, kwani haimlazimishi mtu kukisia kipato kimetawanyika vipi ndani ya kundi; Gini halisi haina budi kuwa kati ya viwango hivyo viwili.

Kazi kubwa ilikuwa kundi la juu. Nilitumia kanuni ya Pareto, ambayo hutazama jinsi watu wanavyopungua kipato kinavyopanda. Tuseme asilimia 8 ya watu wanapata zaidi ya 50,000, na asilimia 2 zaidi ya 100,000. Logi ya 4 (yaani 8 kwa 2) ikigawanywa kwa logi ya 2 (100,000 kwa 50,000) inatoa kipeo cha 2, namba inayoonyesha kasi ya watu kupungua; wastani wa walio juu ya 100,000 ni 100,000 mara kipeo, kisha kugawanywa kwa kipeo kasoro 1, hivyo unakuwa 200,000. Badala ya asilimia 2 weka 3: kipeo kinashuka hadi takriban 1.42, na wastani unaruka hadi karibu 341,000. Weka 4, kipeo kinakuwa 1, na wastani hauna kikomo tena. Asilimia moja ya waliohojiwa, tena wale ambao mara nyingi hukataa kuhojiwa, inaweza kubadili jibu zima.

Ndiyo maana nilirudia hesabu kwa vipeo kadhaa, nikaandika viwango vya chini na vya juu vya kila kimoja badala ya namba moja. Nilipolinganisha na utafiti wa awali uliokuwa na makundi machache zaidi, niliyaunganisha kwanza makundi ya utafiti mpya ili sehemu za watu zilingane, kwa sababu kuunganisha makundi hakuwezi kupandisha kiwango cha chini, bali kwa kawaida hukishusha, na bila hatua hiyo pengo lingeonekana kupanuka hata kama vipato vyenyewe havikubadilika.