Tusiwagonge watoto mhuri

Nimerudi kutoka semina ya walimu hapa Dodoma mjini na kuna jambo halijanitoka kichwani. Tulielekezwa kuwagawa wanafunzi kwa makundi: wanaojifunza kwa kuona, wanaojifunza kwa kusikia na wanaojifunza kwa kutenda, kisha kila kundi lipewe somo kwa namna yake. Wenzangu wengi walilipenda wazo hilo, na sishangai. Tangu ada ya sekondari ilipofutwa mwaka 2016 shule zetu za kata zimefurika, na ukisimama mbele ya watoto zaidi ya sabini unatamani mtu akunong'oneze huyu ni wa aina gani. Hata hivyo siamini kwamba njia ndiyo hiyo.

Makundi haya yalizidi kuvuma baada ya Neil Fleming, mwalimu wa New Zealand, kuchapisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 dodoso lake la kumwuliza mtu anapenda kujifunza kwa namna gani. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu wa Marekani walipitia tafiti zilizokuwepo wakiwa na swali moja: je, mtoto "wa kuona" akifundishwa kwa kuona anaelewa zaidi kuliko akifundishwa kwa njia nyingine? Ushahidi wa kutosha hawakuupata, na baadhi ya tafiti zilizopangwa vizuri zilionyesha kinyume. Kila mtu ana namna anayopenda kufundishwa, hilo halina ubishi. Ila anachokipenda mtu na kinachomfikisha si lazima viwe kitu kimoja.

Mhuri unaponiogopesha zaidi ni pale unapoficha shida yenyewe. Nina mwanafunzi, binti wa kidato cha kwanza, mwepesi kujibu maswali ya mdomo, lakini daftari lake limejaa makosa ya kunakili: 3 imekuwa 8, alama ya kutoa imepotea. Kwa karatasi ya semina, huyo ni "wa kusikia". Nilipomsogeza dawati la mbele makosa yakapungua wiki ileile. Haoni vizuri ubaoni. Kinachohitajika ni mama yake ampeleke hospitali akapimwe macho, na tumeshazungumza.

Kwenye chai ya saa nne mwalimu mmoja akasema watoto wa Kigogo ni watu wa ngoma, kwa hiyo tuwafundishe kwa nyimbo. Nazipenda nyimbo za Wagogo kwa moyo wote. Sauti zile zinavyopandana sijazisikia kwingine. Hayati Hukwe Zawose alitoka mkoa huu huu na akaupeleka muziki wake nchi za mbali. Lakini mtazame mtoto anayejifunza ilimba, ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba. Anasikiliza, anatazama vidole gumba vya mkubwa wake, anashika mwenyewe, anakosea, anaambiwa, anarudia. Hakuna anayemzuia kutazama eti kwa sababu yeye ni wa kusikia. Njia zote zinamfikia mtu mmoja, kwenye kitu kimoja.

Hivyo ndivyo ninavyojaribu kufundisha. Majuzi kidato cha pili tulikuwa na kanuni ya Pythagoras, ile ya pande tatu za pembetatu yenye kona ya mraba. Kuna kijana ambaye likizo humsaidia baba yake mdogo kujenga. Nikampa futi kamba, uzi na vigingi, tukatoka uwanjani. Akapima sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, akasogeza uzi mpaka mshazari ukasoma 100. "Hapo kona imekaa skwea, Madam." Mwenzake akauliza kwa nini mshazari usiwe sentimita 90. Kijana akausogeza uzi, kona ikajifunga mbele ya macho yetu, na wote wakaona. Akaongeza kwamba kwenye nyumba kubwa fundi hupima mita 3, 4 na 5, kwa sababu kosa dogo kwenye pembetatu ndogo huwa kubwa ukuta unapokwenda mbali. Hilo kwenye vitabu vyangu halimo.

Tukarudi darasani. 60 mara 60 ni 3,600. 80 mara 80 ni 6,400. Jumla 10,000, yaani 100 mara 100. Nikawapa pande za 5 na 12 watafute mshazari. Kijana wa uzi akakwama. Wasichana wawili waliokuwa kimya kule nje wakapata 13 kabla sijamaliza kuandika. Sasa niambieni, nani hapo ni wa kutenda na nani si wa kutenda? Nilimkalisha kijana nao, wakamwonyesha hesabu, naye akawaonyesha 13 hiyo inakaa wapi kwenye ukuta.

Tofauti ninayoiona kila siku ni nyingine kabisa, nayo ni lugha. Nyumbani wengi wanazungumza Kigogo, shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, halafu kidato cha kwanza karibu kila kitu kinageuka Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akichangamka ananyamaza, na sisi tunasema ni mzito. Kwa hiyo nawaacha kwanza wajadiliane wawili wawili kwa Kiswahili, waelewane, ndipo tuandike kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani utawauliza kwa lugha hiyo. Inakula muda wa kipindi, na mada za muhula zinanikimbiza. Siiachi.

Wiki ijayo tunapima urefu wa mbuyu ulio nyuma ya shule kwa kutumia kivuli chake na kivuli cha fimbo ya mita moja. Wanaopenda kukokotoa watashika futi, kijana wa uzi ataandika hesabu ubaoni, na yule binti wa kidato cha kwanza nimemwomba mwalimu wa kipindi chake amruhusu aje asome vipimo kwa karibu. Tutatoka asubuhi, kabla jua halijafika utosini na vivuli kuwa vifupi mno. Ninachokosa ni futi ndefu. Mwenye ya mita 30 aliye tayari kuiazima kwa siku moja, naomba anitafute.