Draivu ya kuchomea DVD na diski za kuhifadhi: pesa iende wapi

Anza kwa kupima mzigo. Fungua folda ya picha, vyeti na rekodi unazotaka kuhifadhi, usome ukubwa wake. DVD iliyoandikwa 4.7 GB Windows huisoma kama 4.38, maana kiwanda kinahesabu kwa 1,000 na Windows inahesabu kwa 1,024. Kwa hiyo GB 40 zitakula DVD kumi, au Blu-ray mbili za GB 25. Kwa mzigo kama huo DVD inatosha kabisa. Ukivuka GB 100, kukaa unabadilisha DVD ishirini na tatu na kuziandika majina moja moja ni adhabu, tafuta Blu-ray.

Draivu ya DVD ndiyo sehemu rahisi, na mtumba unafaa. Zimo ndani ya kompyuta za ofisini zilizokwisha muda wake, na mafundi huzivua na kuziuza peke yake. Mtego ni kwamba si zote zinachoma. Soma karatasi iliyobandikwa juu yake: "DVD-ROM" inasoma tu, "DVD±RW" inachoma. Ikishachomekwa, jina lake kwenye kompyuta hutoa siri. HL-DT-ST DVDRAM GP65NB60, kwa mfano, ni ya LG na inachoma. Kwenye Blu-ray angalia zaidi, maana hapo ndipo watu hupoteza hela: neno "BDDVDRW" maana yake inasoma Blu-ray lakini inachoma DVD na CD tu. Inayochoma Blu-ray huandikwa "BD-RE", kama LG WH16NS40.

Usikubali kujaribiwa kwa CD ya muziki. Ndani ya draivu mna leza zaidi ya moja: CD hutumia mawimbi ya nanomita 780, DVD 650, Blu-ray 405. CD ikiimba vizuri haikwambii lolote kuhusu leza ya DVD, ambayo inaweza kuwa imechoka. Nenda dukani na DVD tupu yako, ichomwe mpaka ijae, kisha isomwe kwenye kompyuta nyingine. Muuzaji akikataa, draivu zipo nyingi.

Halafu umeme. Tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500, na draivu nyembamba ya laptopu huhitaji zaidi ya hapo leza inapoanza kuchoma. Dalili zake: inasoma bila shida, lakini ukianza kuchoma inatoa mlio, inajizima na kujiwasha, au programu inalalamika "Power Calibration Area Error". Ujumbe huo maana yake draivu imeshindwa kupima nguvu ya leza kabla ya kuchoma. Inaweza kuwa umeme mdogo, lenzi yenye vumbi au diski mbovu, na umeme ndio wa kukagua kwanza kwa sababu ni bure. Toa habu (kigawanyi cha matundu ya USB), chomeka moja kwa moja, tumia waya mfupi, au ule wenye vichwa viwili vya USB. Draivu kubwa ya kompyuta ya mezani nayo inataka volti 12. Waya mdogo wa kuunganishia diski kuu (hard disk) za laptopu hutoa volti 5 tu, hautaiendesha. Nunua adapta yenye chaja yake.

Sasa diski, na hapa ndipo pesa iende. Jina la kwenye kopo si lazima liwe la kiwanda. Taiyo Yuden, waliosifiwa sana, waliacha kutengeneza diski mwaka 2015. Verbatim ilinunuliwa na CMC Magnetics ya Taiwan. Sony walifunga utengenezaji wa Blu-ray za kurekodia mwaka 2025. Njia ya kujua ulichonunua ni kuiuliza diski yenyewe. Weka diski tupu, fungua ImgBurn (programu ya kuchomea diski) upande wa kuandika, tazama mstari wa "Disc ID" kulia, ndio msimbo wa diski. MCC-004-00 ni DVD+R (ya kuandikwa mara moja) ya kasi ya 16x inayojulikana kwenye kopo za Verbatim. CMC MAG-M01-00 ni ya kawaida, inafanya kazi, lakini usiitegemee peke yake. Msimbo unaweza kughushiwa, kwa hiyo utumie kulinganisha: kopo mbili zenye jina moja lakini misimbo tofauti ni bidhaa mbili.

Acha diski za RW, hata zikiwa rahisi. Kitu kinachofutika si cha kuhifadhia. Acha DVD za tabaka mbili pia, hukosea mara nyingi pale leza inaporuka kwenda tabaka la pili. Kwenye Blu-ray epuka zilizoandikwa "LTH", mara nyingi kwa herufi ndogo pembeni. Hizo hutumia rangi ya kikaboni kama DVD, wakati BD-R (Blu-ray ya kuandikwa mara moja) ya kawaida hutumia tabaka lisilo la kikaboni, na mwanga hauliathiri kirahisi. M-DISC, diski iliyotengenezwa idumu muda mrefu, ni nzuri, ila ya DVD inahitaji draivu inayoikubali, na kwa bei yake unapata nakala kadhaa za BD-R ya kawaida. Mimi ningechukua nakala.

Wakati wa kuchoma, Windows ikikuuliza utumie diski kama flashi au kwa deki ya CD/DVD, chagua ya deki. Ile ya flashi huiacha diski bila kufungwa, na kompyuta nyingine inaweza kuikataa. Faili moja ikizidi GB 4, chagua UDF kwenye programu, mfumo wa kupanga faili unaokubali faili kubwa. Usijaze mpaka ukingoni: leza huandika kutoka katikati kwenda nje, na makosa huanzia huko nje, kwa hiyo ishia kama GB 4.2. Diski ya 16x ichome kwa 8x. Wanaosema 1x ndiyo salama wanakumbuka CD za zamani. Rangi ya diski ya 16x haikutengenezwa kwa mwendo huo. Weka tiki kwenye "Verify". Muda utakuwa karibu mara mbili, lakini diski isiyohakikiwa usiiite nakala. Laptopu iwe na chaji kamili, maana umeme ukikatika katikati ya DVD-R, hiyo diski ni ya kutupa.

Kabla hujachoma, tengeneza orodha ya SHA-256 (alama inayokokotolewa kutoka kila faili, hubadilika faili ikibadilika) ya faili zote na uiweke ndani ya diski hiyo hiyo. Choma nakala mbili, kwenye diski za misimbo miwili tofauti, zikae nyumba mbili. Andika kwa maka ya maji kwenye duara la katikati lisilo na data. Usibandike karatasi, huivuta diski ikapinda na kutikisika inapozunguka. Kwenye CD kuwa mwangalifu zaidi, data iko chini tu ya upande wa jina, na mkwaruzo wa juu unaua kuliko wa chini. DVD imefichwa katikati ya plastiki mbili.

Zisimamishe wima ndani ya kava ngumu. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa 2003 unataka unyevu wa asilimia 20 hadi 50, jambo gumu Tanga, Mombasa au Unguja, kwa hiyo tumia kopo la plastiki lisilopitisha hewa lenye vifuko vya silika, ndani ya kabati la chumba cha ndani, mbali na dirisha na dari ya bati. Kila mwaka toa moja ya kila kundi, isome yote huku ukilinganisha na orodha ya SHA-256. Ikianza kupunguza kasi na kurudia-rudia karibu na ukingo, nakili kundi zima wiki hiyo hiyo, wakati bado inasomeka.