Mkuu wa mkoa asiye na bunduki

Aprili ikifika, masika yakishashika, huwa narudi kusoma habari za Butare. Labda kwa kuwa nimekulia Arusha. Kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda zilisikilizwa hapa mjini, kwenye lile jengo la mikutano ya kimataifa, AICC, nasi tukipita nje na hamsini zetu.

Safari hii nimemkazia macho mtu mmoja, Jean-Baptiste Habyalimana. Msimchanganye na Rais Juvénal Habyarimana, ambaye ndege yake ilitunguliwa Kigali usiku wa tarehe 6 Aprili 1994. Huyu ninayemsema alikuwa mkuu wa mkoa wa Butare, kusini mwa nchi. Alikuwa msomi, na Mtutsi pekee mwenye cheo hicho Rwanda nzima.

Huku kwetu tukiyasimulia mauaji yale ya 1994, ambapo Wahutu wenye msimamo mkali waliwaua Watutsi, tunasema walipigana makabila, basi, tunageukia mengine. Mimi sikubali. Watu wale walikuwa na lugha moja, vilima vimoja, makanisa yale yale, na wengi walikuwa wameoana. Kilichowatenga ni kitambulisho chenye asili ya mtu, kilichoanza enzi za Wabelgiji miaka ya 1930, pamoja na hadithi kwamba Watutsi ni uzao wa kigeni kutoka Ethiopia. Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alisimama hadharani akazungumzia kuwarudisha huko kwa njia ya mkato, kupitia mto Nyabarongo. Kama huo si ubaguzi wa rangi kwa sababu tu ngozi zinafanana, basi sijui tunapimia nini.

Kigali ilipowaka, Butare kwa sehemu kubwa ilibaki tulivu kwa karibu wiki mbili. Watu wakawa wanakimbilia kule kutoka Gikongoro na kwingineko. Na huyu bwana alifanya nini? Ukisoma unaweza kukata tamaa kwa jinsi kazi yenyewe ilivyo ya kawaida: vikao vya usalama, ziara kwenye komini (maeneo madogo ya utawala ndani ya mkoa), kuwasihi watu watulie. Hakuwa na jeshi. Wala hakufanikiwa kila mahali. Kule Nyakizu mauaji yalianza kabla hajaondolewa, yakiongozwa na mkuu wa komini mwenyewe. Sipendi kumfanya malaika aliyeushikilia mkoa mzima kwa mikono miwili. Butare ilikuwa na chuo kikuu, na vyama vya upinzani vilikuwa na nguvu, hivyo hakuwa peke yake.

Lakini serikali ya mpito, iliyoshika nchi baada ya rais kuuawa, haikumdharau. Tarehe 17 Aprili iliamua kumwondoa, yeye na mwenzake wa Kibungo, Godefroid Ruzindana, ambaye naye alikuwa akipinga mauaji. Mtu akiniambia viongozi wa chini hawakuwa na la kufanya wakati ule, huwa namuuliza: basi haraka ya kuwang'oa hawa wawili ilitoka wapi?

Siku mbili baadaye Sindikubwabo, rais wa mpito, alikuja Butare kumwapisha mkuu mpya. Alikuwa mzaliwa wa huko, na kwa taaluma alikuwa daktari wa watoto (hapa huwa nafunga kitabu kidogo nipumue). Akawakejeli wanaokaa pembeni wakisema hayawahusu, akawataka wawapishe wanaotaka kufanya kazi. Kila aliyekuwa ukumbini alijua ni kazi gani. Kesho yake, tarehe 20, Rosalie Gicanda, mjane wa Mfalme Mutara Rudahigwa, bibi mzee aliyekuwa akiishi mjini pale, alitolewa nyumbani kwake akauawa. Baada yake wakafuata maelfu.

Habyalimana alikamatwa, akapelekwa Gitarama, akauawa. Familia yake nayo haikuachwa. Ruzindana pia aliuawa.

Aliyepewa kiti cha Butare, Sylvain Nsabimana, hakudumu. Juni hiyo hiyo akatolewa, akawekwa Luteni Kanali Alphonse Nteziryayo. Wote wawili walikuja kukaa kizimbani hapa Arusha, katika kesi moja iliyokuwa na washtakiwa sita. Ilianza mwaka 2001, na hukumu ikasomwa Juni 2011. Wote sita walitiwa hatiani.