Alichokusitiri Mola

Meli ilipofunga gati Mkoani, Pemba, kabla sijauona uso wa mtu ninayemjua, harufu ya karafuu ilishanipokea. Msimu umeanza. Njia nzima hadi Wete majamvi yametandikwa mpaka ukingoni mwa lami, na dereva wetu akiyakwepa kama anayekwepa watoto waliolala.

Niliondoka 2006 nikiwa na miaka 21. Miaka 18 nimeishi Leicester, Uingereza, na mingi katika hiyo sikuswali. Naishia hapo kwa hilo, na sababu utaiona.

Kule nilikozoea, mtu akisimulia safari yake ya imani huanzia shimoni: alikunywa nini, alilala wapi, alimdhulumu nani, ndipo aje kwenye nuru. Shimo likizidi kina na machozi ya wasikilizaji huzidi. Nami nilijitayarisha hivyo hivyo. Ndani ya ndege nilipanga maneno ya kumwambia mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, maana mama hayupo tena, na nilitaka pawe na mtu mmoja hapa duniani anayenijua nilivyo.

Nilimkuta kibarazani pale pale aliposomesha nusu ya mtaa wetu. Macho yamepungua sana.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Sauti ya nani hiyo?"

Nikajitaja. Akanishika mkono, hakuuachia. Nikaanza maneno yangu ya kwenye ndege. Sentensi ya pili hakuniacha niimalize.

"Nyamaza, mwanangu. Mola kakusitiri miaka yote hiyo, weye wataka kujifunua kwangu? Hayo mwambie Yeye usiku. Miye nambie ulirudije."

Kusema kweli nilikereka. Nimevuka bahari na mzigo wangu, naambiwa nisiufungue! Usiku ule ndipo nikaikumbuka hadithi aliyotusomesha yeye mwenyewe, iliyopokewa na Abu Huraira: umma wote wa Mtume (S.A.W.) unatarajiwa msamaha, ila wanaojitangaza. Mtu Mungu kamfichia jambo lake usiku, kukicha anajianika mwenyewe. Kujianika, kama karafuu.

Basi nilimweleza nilivyorudi, nanyi nawaeleza hicho hicho tu.

Ramadhani ya 2016 iliangukia Juni. Mwezi ule jua la Leicester huzama kiasi cha saa tatu na nusu usiku, na urefu wa saumu hupita saa 18. (Sisi wa Wete tuliozoea magharibi ya saa kumi na mbili na kitu, mwaka mzima, hatujui tunachodekezwa.) Nilikuwa zamu ya usiku ghalani, sikufunga. Dada mmoja wa Kisomali alikuwa amekaa juu ya boksi anangoja. Wakati ulipoingia akaipasua tende katikati, akanipa nusu. Hakuniuliza chochote. Nikaipokea, na mdomo wangu, bila ya kuuamuru, ukasema ile dua ya kufuturu tuliyofundishwa utotoni: Ewe Mola, kwa ajili Yako nimefunga.

Uongo mtupu, na tende mkononi. Niliona haya zamu nzima. Kesho yake nikafunga, ili nikiisema tena iwe kweli.

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Hakusema mashaallah wala nini. Alipopata pumzi akasema, "Haya, nisomee."

Nikamsomea Al-Fatiha. Nilipofika neno la mwisho, dhaalin, kijiti chake kikagonga jamvi, mlio ule ule.

"Dhaalin umeikata. Ina harakati sita, weye umevuta mbili."

Nikajitetea kwamba nimezoea kuswali stoo, mapumziko ni robo saa, na wenzangu wanagonga mlango.

"Na hapa nani kakugongea?"

Nikaanza tena kutoka bismillahi. Nje wajukuu zake walikuwa wanakunja majamvi mbio mbio, mvua imeshanukia, na mmoja anamgombeza mwenzake kwa karafuu alizomwaga. Safari hii nilivuta nne.