Siku ambayo programu yangu iliniambia kila kitu ni safi

Saa moja na nusu asubuhi huwa nimekwisha kupanda matatu Kondele, hapa Kisumu, na kabla ya saa mbili niko ofisini karibu na Barabara ya Oginga Odinga, kikombe cha chai mkononi na terminali wazi mbele yangu. Kazi yangu ni kutunza maghala ya msimbo, ambayo sisi hapa tunayaita repo tu. Ziko 84 kwenye seva moja, na programu ndogo niliyoiandika mwenyewe huzipitia moja baada ya nyingine ikiiuliza Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, kama kuna mabadiliko ambayo hayajarekodiwa. Dada yangu huamini kwamba nalipwa kutazama maandishi meupe kwenye kioo cheusi, na siwezi kusema amekosea sana.

Saa mbili na robo programu ilijibu kwamba zote 84 ni safi. Saa tatu mteja wetu, mwenye duka la jumla la dawa, akapiga simu.

"Kijana, jana uliniambia ile hitilafu ya bei imerekebishwa."

"Ndiyo, mama, ripoti inaonyesha kazi imekamilika."

"Basi hiyo ripoti ije ikae hapa kaunta iwaeleze wateja wangu."

Niliingia kwenye repo yake, nikaandika `git status`, na papo hapo yakajitokeza mafaili matatu yaliyohaririwa bila kurekodiwa. Nilipoiendesha programu tena, ikasisitiza: safi. Kuanzia hapo sikumbuki vizuri saa zilivyokwenda. Nilishuku toleo la Git, nikashuku orodha ya folda, nikazihesabu repo kwa kidole juu ya kioo. Umeme ukapotea, ukarudi. Mama akapiga mara nne zaidi, na kila mara nikamwambia bado natafuta, jibu lisilomsaidia mtu mwenye foleni mbele yake.

Chakula cha mchana kilinipita. Hatimaye niliingia kwenye seva kwa akaunti inayotumiwa na programu, badala ya yangu, na amri ile ile ikakataliwa: Git ilitilia shaka umiliki wa folda, ikatoka na namba 128, ishara ya kosa. Tangu toleo la 2.35.2, la Aprili 2022, Git hukataa kufanya kazi ndani ya repo ya mtumiaji mwingine, kwa kuwa kwenye mashine ya pamoja mtu mbaya anaweza kuficha humo mipangilio itakayoendesha amri zake kwa jina lako. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumehamisha seva, na repo 19 nilizozinakili mimi zikabaki chini ya akaunti yangu.

Repo ikiwa safi, `git status --porcelain`, amri ambayo programu yangu huitumia kuuliza, haichapishi chochote. Programu nayo ilikuwa ikitupa ujumbe wote wa makosa kwa `2>/dev/null`, kwa hiyo kukataliwa kulionekana sawasawa na usafi. Niliendesha `git blame` nimjue aliyeandika mstari huo, kisha nikageuka kuhakikisha jirani yangu hajaliona jina langu.

Mwenzangu alishauri niweke nyota kwenye `safe.directory`, mpangilio wa Git unaotaja folda za kuaminiwa, ili folda zote ziaminiwe; nilikataa, maana huko ni kung'oa mlango kwa sababu ufunguo umekwama. Nilirekebisha umiliki wa zile 19, kisha nikaifanya programu isome kwanza namba ya kutokea, na repo isiyosomeka iitwe "haijaangaliwa".

Giza lilikuwa linaingia nilipoiendesha tena: 77 safi, 7 chafu. Nilirekodi kazi ya mama, nikaisukuma hadi kwenye mashine ya duka, nikampigia.

"Imerekebishwa, au ni ripoti tena?"

Nilimwomba afungue bei ya dawa moja nikiwa kwenye simu. Nilisikia kibodi, kisha akasema "Haya," akakata. Zilibaki 6.