Usiku wa Tokyo, Stendi ya Manyoni

Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha kule Tokyo, Septemba 15, 2025, mimi nilikuwa nimekwama stendi ya Manyoni. Sikukesha kwa ajili yake. Aliyenikesha ni rejeta ya basi.

Nilikuwa natoka Singida kwenda Dodoma kufuatilia uhamisho, na basi la usiku likaanza kuchemsha tulipoipita Ikungi. Suka alilivuta taratibu hadi Manyoni, fundi akapigiwa simu, konda akatutangazia, "Nusu saa tu, wazee." Nusu saa ya konda kila msafiri anaijua.

Tukamwagika kwa mama mmoja aliyekuwa bado anauza chai ya rangi na mayai ya kuchemsha. Upepo wa Manyoni mwezi wa tisa una meno. Mazungumzo yote yalikuwa Simba na Yanga, maana Jumanne walikuwa wanagombea Ngao ya Jamii. Pembeni alikaa mzee mmoja aliyepandia Ikungi na tenga la kuku. Nikamwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu niulizie kama kuna mwenye simu ya kuonyesha mbio. Mtoto wetu anakimbia saa hizi."

Mtoto wetu ndiye Simbu, mzaliwa wa Ikungi. Mbio zilianza saa saba na nusu usiku kwa saa zetu, kule Japani ikiwa saa moja na nusu asubuhi. Ratiba ilivutwa mapema kwa nusu saa kwa kuogopa joto. Baadaye nilisoma kwamba hata kuanza kulikuwa na kioja: mkimbiaji mmoja alifyatuka kabla ya mlio, wakarudishwa wote. Kwenye mita mia ni jambo la kawaida. Kwenye kilomita 42 mtu unawahi wapi?

Utingo ndiye aliyekuwa na simu na bando. Kioo kilikuwa kimepasuka kutoka kona hadi kona, akaiegemeza kwenye chupa ya chai, nasi tukainama kama tunachungulia kisima. Mbio zilikuwa zimeshavuka nusu. Picha inakwenda, inakwama, inakwenda. Kila ilipokwama, babu alijaza pengo.

Alikuwa askari miaka ya themanini, na mtu wake alikuwa Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, mwanajeshi naye. Alimsimulia kama ndugu wa ukoo. Brisbane 1982, Michezo ya Jumuiya ya Madola: saa 2:09:30, sekunde 12 nyuma ya Robert de Castella wa Australia. Fukuoka 1983: sekunde tatu nyuma ya Toshihiko Seko. Kisha marathoni ya Boston, miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, wa pili, wa pili, wa pili. Ule wa 1988 ndio uliomuuma zaidi, kwani Ibrahim Hussein wa Kenya alimpita kwa sekunde moja.

"Kilomita arobaini na mbili, halafu sekunde moja!" Alinyanyua kidole, mkononi bado ana yai lililomenywa nusu.

Nikamuuliza kama Ikangaa hakuwahi kushinda. Akaniangalia kama nimemtukana. New York 1989, saa 2:08:01, rekodi ya mbio zile kwa wakati huo! Na Tokyo alishinda 1984, akashinda tena 1986. "Tokyo wanatujua," akasema, akarudi kwenye yai lake.

Mimi shuleni sikufundishwa lolote kati ya hayo. Tulifundishwa John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968, aliyeingia uwanjani wa mwisho akichechemea, mguu umefungwa bandeji. Namheshimu Akhwari kwa moyo wote. Lakini nchi iliyokuwa na mtu wa kupigania Boston hadi sekunde ya mwisho, kwa nini ilitulea kwa hadithi ya aliyemaliza wa mwisho peke yake? Sijawahi kupata jibu linaloniridhisha.

Simbu mwenyewe, askari wa JWTZ kama Ikangaa, alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio 2016, akapata shaba Mashindano ya Dunia ya London 2017, na Aprili ile ya 2025 alikuwa wa pili. Wapi? Boston. Utingo alipolitaja hilo babu aliguna tu.

Ilipokaribia saa kumi kasoro dakika ishirini, watatu wakaingia uwanjani: Simbu, Amanal Petros wa Ujerumani na Iliass Aouani wa Italia. Watu wa Simba na Yanga nao walikuwa wameshasogea, mmoja amenilalia begani. Petros akafyatuka. Zimebaki mita chache, Mjerumani yuko mbele, Simbu anamfuata anamkaribia, na simu ikaganda.

Tuliipiga, tuliipeperusha hewani, mama wa chai akasema tuizime tuiwashe. Picha iliporudi, Petros alikuwa chini, Simbu amesimama, na hakuna anayeshangilia.

"Wa pili," babu akasema. Akainuka kwenda kuangalia kuku wake.

Utingo akaendelea kutelezesha kidole juu ya ule ufa. Kisha akapiga ukelele uliomwamsha suka. Jina la Simbu lilikuwa juu. Wote wawili 2:09:48, ila picha ya mstarini ilikuwa imempa Simbu, kwa sekunde 0.03. Mwenyewe kule uwanjani alikuwa hajui, mpaka aliposoma matokeo kwenye skrini. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo, na sisi tunakumbatiana na watu tusiowajua majina.

Babu aliomba aandikiwe ile 0.03 kwenye karatasi, akaitazama, akaikunja akaitia mfukoni. Kisha akatoa simu yake ya vitufe akampigia mwanawe Dodoma. Iliita sana.

"Amka! Tumeshinda!"

Sauti ya usingizi ikasikika hadi tulipokaa: "Simba au Yanga?"

Babu akamkatia, akaanza kutafuta namba nyingine.